Barua ya Wazi kwa City Hall: Ombi la Marehemu Asiye na Cheo

Kwa Waheshimiwa wa Kaunti ya Jiji la Nairobi mnaoshughulikia majina ya barabara,

Pongezi. Mwaka 2021, kule Kileleshwa, barabara iliyojulikana kama Dik Dik Gardens ilipewa jina la Francis Atwoli, katibu mkuu wa COTU, muungano wa vyama vya wafanyakazi, akiwa hai, mzima na bado ofisini. Digidigi, mnyama asiye na chama cha kumtetea, hakukata rufaa. Watu wenye hasira waliking'oa kibao, kikarudishwa. Wakakichoma moto, kikarudishwa tena. Katika jiji ambalo shimo la barabarani hukaa hadi likawa alama ya kumwelekezea mgeni njia, bidii ya namna hiyo inastahili nishani.

Kwa kuwa kumbe bidii ipo, wananchi wanaleta mbele yenu ombi la Mary Muthoni Nyanjiru. Sifa zake ni haba na barua hii haitazificha. Hakuwa chifu, hakuwa diwani, hakuwa mke wa rais. Hakuacha hotuba wala shamba la ekari mia. Kinachojulikana ni kwamba asili yake ni Weithaga, Murang'a, kwamba aliishi Nairobi pamoja na binti yake wa kambo, na kwamba siku moja alifanya jambo ambalo wanaume maelfu walikuwa wameanza kuliahirisha.

Tarehe 14 Machi 1922 serikali ya kikoloni ilimkamata Harry Thuku, kijana aliyewahi kupokea simu katika ofisi ya Hazina kabla siasa haijamtoa kazini. Alikuwa amewachokoza wakubwa kwa kuyataja waliyotaka yanyamaziwe: kipande ambacho Waafrika walilazimishwa kubeba, kodi ya nyumba, mishahara ya Waafrika ambayo walowezi walitaka kuipunguza kwa theluthi, na wasichana waliokuwa wakipelekwa kwa nguvu kuchuma kahawa ya wazungu. Hilo la mwisho ndilo lililowafanya wanawake wamhesabu kuwa mtu wao.

Siku mbili baadaye umati ulikuwa umejaa nje ya kituo cha polisi alimozuiliwa Thuku, kando ya Kingsway, ambayo leo mnaiita University Way. Wajumbe walikwenda kuonana na Bowring, afisa wa ngazi ya juu serikalini, wakarudi na ujumbe ambao Wakenya wangali wanaujua vizuri: nendeni nyumbani, mambo yanashughulikiwa. Wanaume wakaanza kuondoka. Wanawake wakawauliza wajumbe wamehongwa kiasi gani.

Hapo ndipo Nyanjiru alipojitokeza mbele, akainua nguo yake hadi mabegani na kuwaambia wanaume wampe suruali zao, wao wachukue nguo hiyo. Kwa Wagĩkũyũ, mwanamke mzima kujivua mbele ya mwanamume ni laana na aibu ambayo haina jibu. Vigelegele vikapaa, umati ukasukumana kuelekea langoni, na askari wakafyatua risasi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Inasimuliwa pia kwamba walowezi waliokuwa wakijiburudisha kwenye baraza ya hoteli ya Norfolk, ng'ambo ya barabara, walisaidia kupiga risasi. Serikali ilihesabu maiti 21. Waliokuwapo walitaja idadi kubwa zaidi, lakini wao hawakuwa na mihuri.

Inaeleweka, Waheshimiwa, kwa nini ombi hili linatia mashaka. Barabara inayopita pale ina jina tayari: Harry Thuku Road. Thuku mwenyewe, siku ile, alikuwa ndani ya seli. Akapelekwa Kismayu, akakaa kizuizini karibu miaka tisa, akarudi akiwa mpole kwa serikali, akawapinga hadharani Mau Mau, akalima kahawa Kiambu hadi alipofariki 1970. Hakuna anayemwonea kijicho kwa kibao chake. Alilipa, tena ghali. Ila kanuni inayojitokeza hapo ingefaa ichapishwe ili waombaji wajiandae: anayefungwa hupata barabara, anayekwenda kumtoa hupata kaburi tu.

Halafu kuna suala la heshima. Pengine mjumbe mmoja wa kamati atasema kwamba mama aliyeinua nguo hadharani hafai kuandikwa penye njia ya wanafunzi wa chuo kikuu. Basi mjumbe huyo akumbushwe tarehe 3 Machi 1992. Pale Uhuru Park, kwenye Freedom Corner, polisi waliwashambulia akina mama waliokuwa wamegoma kula wakidai wana wao wafungwa wa kisiasa waachiliwe. Baadhi yao, wazee kwa umri, walivua nguo mbele ya vijana wenye rungu. Wangari Maathai, mwanaharakati aliyekuwa nao, alipigwa hadi akazimia. Akina mama wakahamia Kanisa la All Saints, wakapiga kambi kwa miezi mingi, na mwaka uliofuata karibu wana wote walikuwa nje. Dawa ya 1922 ilikuwa haijachacha.

Kama tatizo ni uhaba wa barabara, kuna habari njema. Mwaka 2022, karne moja kamili baada ya risasi zile, ilifunguliwa Nairobi Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, na jina la mtu haijapewa. Kituo chake cha kulipia pale Museum Hill hakiko mbali na Norfolk kwa miguu. Inapita juu ya Waiyaki Way, na Waiyaki wa Hinga, aliyekufa mikononi mwa Waingereza mwaka 1892, hadhaniwi kuwa atakasirika kupata jirani.

Lakini wananchi hawana tamaa. Wanaomba kibao kimoja tu, kwenye kona ya Harry Thuku Road na University Way, chenye jina lake, tarehe 16 Machi 1922, na neno kuhusu wale wengine wasiotajwa. Fedha zisipopatikana, mafundi wa jua kali wa Kangemi wataweza kukichomelea kwa bei nafuu, na mafundi hao wanaomba kaunti itoe kitu kimoja tu: barua inayowakataza askari wa kanjo kukibeba kwenye lori kabla saruji haijakauka.

Wanaosubiri majibu,
Wapita njia wa University Way

Nakala: Baraza la Mashujaa wa Kitaifa, ambalo lina sheria yake tangu 2014