Sifa za Wifi Inayogoma

Lucian wa Samosata alimsifu inzi, na mabingwa wengine wa zamani wakasifu upara na homa. Zamu ya kisanduku cha wifi kinachogoma bado haijafika, nami naona kimedhulumiwa. Nasema kile kinachokaa juu ya kabati katika nyumba za Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, taa zote zinawaka kijani, simu inaonyesha wifi imejaa, na hakuna ujumbe unaopita. Kilicho kizima sikisifu. Kizima hukusanya vumbi, na mwenye nyumba hajui hata waya wake umetokea wapi. Kinachogoma ndicho kinachomfundisha mtu kupima kabla ya kulaumu, na katika miji hii lawama hutangulia kipimo kila siku.

Chukua mvua. Ikipiga mabati na intaneti ikazima, hukumu hutoka papo hapo: ni mvua. Lakini wifi ya ndani ya nyumba haijali mvua. Inayojali mvua ni dishi la setilaiti lililo juu ya paa, kama lipo. Mabati yenyewe huzuia mawimbi, ila hata wakati wa jua kali. Basi kisanduku kiulizwe hatua kwa hatua, maana hujibu kila swali peke yake. Kompyuta imepata anwani? Ikianza na 169.254, hakuna aliyeigawia, imejibunia. Anwani ikiwa halali, tuma ping, ule wito mfupi wa kupima, kwa ruta, yaani kisanduku chenyewe, mara nyingi 192.168.1.1. Ikiitika, endelea hadi 8.8.8.8 ya Google. Hiyo nayo ikiitika huku tovuti hazifunguki kwa majina, ugonjwa uko kwa yule anayegeuza majina kuwa namba. Lakini 8.8.8.8 ikinyamaza, usikimbilie kuilaani kampuni. Ikague kwanza ngome ya ruta, ile programu inayochuja kinachoingia na kinachotoka. Katika pfSense, kwa mfano, ukiongeza mtandao mpya wa wifi, unazaliwa bila sheria hata moja, na pasipo sheria hakuna kinachoruhusiwa kupita. Wifi inaonekana, anwani zinagawiwa vizuri kabisa, na mlango umefungwa. Aliyeufunga ni mwenye nyumba mwenyewe. Wapo pia wanaonunua ruta ya pili ili chumba cha nyuma kipate wifi, wakasahau kuizuia isigawe anwani zake. Hapo nyumba inakuwa kama kijiji chenye machifu wawili, na simu humtii yeyote aliyewahi kuitika.

Somo zuri kuliko yote huja umeme unapokatika, jambo ambalo huku halihitaji maelezo. Ruta nyingi za bei nafuu hazina betri ya kutunza saa. Zikiwaka tena, nyingine hudhani ni mwaka 1970 mpaka zipate saa sahihi kutoka nje. Ratiba iliyowekwa ili watoto wasiingie intaneti usiku yaweza kufunga mchana kweupe, na nyumba nzima ikamshuku jirani kuwa ameiba neno la siri.

Faida ya kisanduku kinachogoma kwa raia ilionekana mwishoni mwa 2018. Uchaguzi wa rais ulifanyika tarehe 30 Desemba. Beni na Butembo zilikuwa zimeahirishiwa kura hadi Machi 2019, sababu zilizotajwa zikiwa Ebola na usalama. Siku iliyofuata uchaguzi, 31 Desemba, serikali ikakata intaneti nchini, nayo haikurudi mpaka Januari ilipofika karibu tarehe 20. Ndiyo kusema, walionyimwa kura hawakusahauliwa kwenye adhabu. Siku zile kisanduku chochote kizima kingeshinda kila kipimo hadi mlangoni pa nyumba, kisha kimya. Aliyezoea ruta yenye visa angetamka bila kutegemea uvumi: hapa kwangu pazima, kilichokatwa kimekatwa mbele.

Wengi watasema hawana ruta, wananunua mega za simu tu. Simu inayowagawia wengine wifi ni ruta nayo, yenye visa vilevile. Wengine watasema: zima, washa, yaishe. Huisha kweli, na hilo ndilo linaloniudhi. Ruta nyingi za nyumbani huandika matukio yake mahali panapofutika umeme ukitoka, kwa hiyo anayechomoa waya ameponya leo na kufuta ushahidi ambao kesho angeuhitaji.

Pingamizi lenye uzito ni la mfanyabiashara. Butembo inaishi kwa biashara. Mzigo uko Guangzhou au Dubai, muuzaji anangoja jibu kwenye WhatsApp, na tajiri hana saa ya kusomeshwa na sanduku la plastiki. Nakubali. Awashe mega za simu, amalize mambo yake, masomo yangoje jioni. Ila asimruhusu kijana mwenye haraka kuingiza sindano kwenye kile kitundu cha nyuma na kubonyeza mpaka taa zizime zote. Kitundu hicho huirudisha ruta ilivyotoka kiwandani. Hufuta sheria za ngome, na pia jina na neno la siri vya kuingilia intaneti ambavyo kampuni iliviweka siku ya kufunga. Wifi itawaka safi, yenye jina la kiwanda, haina kosa hata moja, na haitakuwa na njia ya kutoka nje ya nyumba.