Sifa za Njia ya Faili

Wenzangu huwasifu mashujaa. Mimi leo naisifu njia ya faili ndani ya Git (programu ya kutunza matoleo ya msimbo), ile anwani fupi inayoandikwa mwishoni mwa amri, ambayo haijawahi kutungiwa hata shairi.

Sifa yake kuu ni kumfunza binadamu ajue amesimama wapi. Ingia folda ya ndani, andika git status: faili zitatajwa kwa kuhesabu kutoka hapo ulipo. Andika git diff: faili zile zile zitatajwa kutoka mzizi wa mradi. Nakili jina ulilopewa na diff, libandike kwenye git add, nawe utaambiwa hakuna faili kama hiyo. Ipo, imetajwa sasa hivi na programu hiyo hiyo! Lakini usinung'unike, uko darasani. git grep hutafuta kuanzia ulipo kwenda chini. git log husimulia mradi mzima. git show HEAD: huanza mzizini, mpaka utangulize nukta na mkwaju. Ukiomba msaada wa git diff --relative, majina yatanyooka, ila mabadiliko ya nje ya folda yako yatafichwa. Mabaharia wa kale walijifunza kwa nyota, maskini, nyota ambazo hazikuhama kila walipogeuza tanga.

Tena inafundisha kutopenda mali. Andika git checkout na neno moja: likiwa jina la tawi, unahamia huko, likiwa jina la faili tu, mabadiliko ambayo hujayapitisha kwa git add yanafutwa. Huulizwi.

Huulizwi! Kazi ya asubuhi nzima, na programu haina hata adabu ya kuuliza.

Wala si kwamba haiwezekani kurekebisha. Mwaka 2014, toleo la 2.0 liliifanya git add -u ishike mradi mzima badala ya folda uliyomo. Mwaka 2019 zikaja git switch ya matawi na git restore ya faili. Bado wakongwe wanaendelea kufundisha checkout, na kijana akiuliza kwa nini faili yake haionekani, anajibiwa, "Soma mwongozo, dogo." Kujua pa kuweka nukta kumekuwa cheo, na wenye cheo hawana haraka ya kukifuta.

Wakubwa zetu wa Git, chagueni: mzizi au hapa tulipo. Lolote mtakalochagua tutalizoea, ilimradi liwe moja kwa amri zote.