Usukani Unaokana Mashtaka

Gari langu ni IST ya mtumba, kama magari mengi ya jiji hili, na kwa muda mrefu halikuwa na makuu. Linawaka, linaondoka, linakunywa mafuta kwa kiasi ambacho mshahara unavumilia. Kisha likazua ukaidi wa ajabu: kwenda linakubali, kusimama halitaki. Ukikanyaga breki tu, usukani unatikisika kushoto kulia, kushoto kulia, kwa jazba ya mtuhumiwa anayekana mashtaka mbele ya mwenyekiti wa mtaa.

Uhondo wenyewe ulikuwa kwenye mteremko wa Kimara kushuka Ubungo. Uko kwenye spidi ambayo sitaitaja, maana trafiki nao husoma magazeti, mara daladala inakuchomekea bila hata kuwasha indiketa. Unakanyaga. Mikono inatetemeka mpaka viwikoni, funguo zinacheza kwenye swichi, na pedeli inakupiga unyayo vipigo vidogo vidogo. Shemeji yangu, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, alishika mpini wa juu ya mlango akatoa taarifa ya kitaalamu: "Shem, hili gari linaogopa."

Haya, nenda sasa ukatafute tiba. Jiji hili kila fundi anakutibu kwa dawa aliyonayo dukani. Kijana wa matairi hakuniacha hata nimalize sentensi: "Balansi hiyo, bosi." Akapiga balansi, akagongelea vipande vya risasi kwenye rimu, nikalipa, gari likaendelea kukana. Wa alaimenti akaniambia yule wa balansi ni tapeli, shida ni alaimenti. Wa gereji ya tatu akapiga jeki, akalitikisa tairi mara moja, akasikitika kwa niaba yangu, kisha akanisomea hukumu: boljointi, tairodi, bushi zote, na shokapu "tukiwa humohumo." Nina hakika ningepita kwa muuza mapazia angenionyesha kwamba la nyuma limechakaa.

Kinachoniudhi si bei. Bei tumeizoea. Kinachoniudhi ni kwamba hao wote hakuna aliyeniuliza swali hata moja. Daktari wa zahanati, pamoja na foleni yake yote, angalau hukuuliza kinauma wapi na kinauma lini.

Aliyeuliza alikuwa mzee mmoja mwenye gereji uchochoroni Sinza, mahali ambapo huwezi kufika bila kuomba radhi kwa mama lishe ili asogeze benchi. Nikamwamkia, nikaanza hotuba yangu ya boljointi. Akainua mkono.

"Usipokanyaga breki, linatetemeka?"

"Hapana, mzee. Limetulia kabisa."

"Basi matairi yana kosa gani?"

Nikakosa jibu. Akanieleza taratibu huku akifuta mikono. Balansi ikiharibika, usukani hutetemeka ukifika mwendo fulani, mara nyingi kuanzia 80 na kuendelea, uwe umegusa breki au hujagusa. Mtetemo unaokuja na breki na kuondoka na breki unatoka kwenye breki. Bushi zilizolegea huweza kuukuza, lakini kuuanzisha si kazi yao. Ukiusikia mikononi, angalia mbele. Ukiusikia makalioni, angalia nyuma. Akanipeleka kwenye kipande cha barabara kisicho na watu, akanituma niende polepole halafu nivute hendibreki kidogo kidogo huku kitufe nimekibonyeza. Hendibreki hushika magurudumu ya nyuma peke yake. Gari likasimama kwa heshima zote. Ikabaki mbele.

Hapo ndipo tulipokwama kwenye nati. Spana ya gari ilizikataa. Kijana wake akapanda juu ya spana kwa miguu yote miwili, akarukaruka, nati ikalia ndipo ikaachia. Mzee akauliza nani alizifunga. Nikamtaja, si kwa jina, yule wa balansi na mashine yake ya upepo inayolia mtaa mzima, trrrrr, mpaka anapoamua yeye. Magari mengi madogo ya Toyota yanataka nati zikazwe kwa nguvu ya karibu Nm 103, tena kwa kuvuka, hii kisha inayotazamana nayo. Mashine ya upepo haijui kuvuka wala haijui 103. Nati zikizidishwa, tena upande upande, zinaweza kuibana diski ikakaa mshazari.

Kila mtu mjini hapa husema "diski imepinda", eti kwa joto au kwa maji ya kuoshea gari. Mzee aliguna. Alifunga geji yenye uso wa saa, ncha yake ikagusa diski, akaizungusha kwa mkono. Mshale ukaenda, ukarudi. Kuyumba kunakovumilika kwa kawaida ni karibu milimita 0.05, ambayo ni kama nusu ya unene wa karatasi ya daftari. Langu lilipita hapo. Kinayumbaje, unajiuliza, kitu cha chuma kizito namna ile? Alipoichomoa diski nikaona: uso wa habu, pale inapokaa, una kutu iliyoota magamba. Diski ilikuwa imekalia magamba.

Na hili ndilo lililonifungua macho. Diski inayoyumba haikutikisi siku hiyohiyo. Inazunguka, na kila mzunguko inazigusa pedi palepale, hata mguu wako ukiwa mbali na breki. Inaliwa hapo kidogo kidogo kwa maelfu ya kilomita, mpaka inakuwa nene huku na nyembamba kule. Hapo ndipo breki inaanza kushika na kuachia, na usukani unaanza kukana. Ndiyo maana watu hununua diski mpya, wakazipachika juu ya kutu ileile, zikawatulia miezi kadhaa, kisha wakarudi kwenye maduka ya Gerezani kumtukana muuza spea kwamba kawauzia feki. Mara nyingine kweli kawauzia feki, simtetei.

Kuikereza ile ya zamani? Nilitamani, kwa sababu za kiuchumi. Mzee akanionyesha ukingoni maandishi ya MIN TH na tarakimu zake, unene ambao chini yake diski haifai, kisha akabana venia. Tofauti ilikuwa ndogo mno. Fundi kereza angeimaliza kwa mpito wa kwanza. Nikaenda Gerezani, nikauziwa "orijino" baada ya kukataa "orijino" nyingine mbili.

Ufungaji wenyewe ulikuwa wa kuchosha kuutazama. Brashi ya waya, kisha msasa, mpaka habu ikang'aa. Diski ikaoshwa mafuta yake ya dukani. Akaipachika, akaibana kwa nati, akarudisha geji: mshale bado unacheza kidogo. Nilidhani atasema inatosha, kwa sababu mimi ningesema inatosha. Akaichomoa, akaigeuza tundu moja mbele, akaibana tena. Mshale ukatulia. Pini moja ya kalipa ilikuwa imekauka, pedi ya upande huo inasugua saa zote. Akaisafisha, akaipaka grisi yake, akaweka pedi mpya.

Kisha akanipa dozi: kimbia mpaka 60, punguza taratibu hadi 10, usisimame, rudia, na breki zikiwa za moto usizikandamize ukiwa umesimama, zisije zikaacha alama ya pedi kwenye diski. Jaribu kuifuata dozi hiyo Dar es Salaam. Nilipigiwa honi na bajaji, na boda, na gari la maji taka. Lakini usukani ulitulia tuli, na shemeji akatangaza kwamba yeye ndiye aliyegundua.

Wiki iliyopita nikapata pancha. Kijana wa matairi, yuleyule, akaziba vizuri tu, kisha akainyakua ile mashine ya upepo. Nikamzuia. Nikamweleza habari ya Nm 103, ya kuvuka, ya diski kukaa mshazari. Nilieleza vizuri, mpaka wateja wengine wakasogea kusikiliza. Akanitazama kwa subira, akaiweka mashine chini, akaokota spana.

"Kwa mkono tunafunga, bosi," akasema. "Ila bei yake ni nyingine."