Madumu Yetu Yako Chuoni

Mtu ambaye mkewe anasomea uhasibu hajui raha aliyonayo. Akiulizwa barazani shemeji anachukua nini chuoni, anajibu neno moja, watu wanatikisa vichwa kwa heshima, bao linaendelea. Mimi nikiulizwa, mchezo unasimama. Mama watoto anachukua shahada ya uzamili ya sanaa na ubunifu wa taaluma mtambuka.

“Anachora?” Anachora. “Ahaa, mchoraji.” Hapana, si mchoraji. “Sasa?” Anashona, anarekodi sauti, anahoji watu, anasimamia vyuma vichomelewe, halafu anaandika. “Anaandika nini?” Anaandika kwa nini alishona. Hapo mzee mmoja, dereva mstaafu wa malori, hunitazama kwa huruma na kuniambia nisijali, hata mdogo wake alianza hivyohivyo, akapelekwa Bagamoyo, akapona. Sijamwuliza kama alipelekwa kwa mganga au kwenye chuo cha sanaa. Bagamoyo vyote vipo.

Nimeeleweshwa, usiku, wakati nataka kulala, kwamba nia ya masomo haya ni kubomoa kuta kati ya fani. Mchoraji asijifungie kwake, seremala kwake, mtu wa kompyuta kwake. Sina ugomvi na nia. Ila kuta zilizoanza kubomolewa ni zangu. Ule wa sebuleni umetobolewa kwa drili ili projekta ipate pa kukaa, na mwenye nyumba bado hajapewa taarifa.

Lawama nyingi nazipeleka Ujerumani. Mwaka 1919, mjini Weimar, msanifu majengo Walter Gropius alifungua shule iliyoitwa Bauhaus, akawaweka wachoraji, wafinyanzi, wafumaji na maseremala chini ya paa moja. Karakana ilikuwa na walimu wawili, msanii wa kufundisha umbo na fundi wa kufundisha kazi ya mkono. Ukisikia hivyo unadhani ni usawa, lakini kikao kikiitishwa sauti ilikuwa ya msanii, fundi akabaki na randa yake. Kozi ya awali iliongozwa na Johannes Itten, aliyekuwa akiwaanzisha wanafunzi kwa mazoezi ya kupumua, na imani yake ya Mazdaznan ikaingia mpaka jikoni: chakula cha shule kikawa mboga na vitunguu saumu kwa wingi. Namshukuru Mungu ukurasa huo mama watoto aliusoma akiwa ameshiba.

Wanazi wakaibana shule ile mpaka ikafungwa mwaka 1933. Josef na Anni Albers wakakimbilia Marekani, kwenye chuo kidogo cha Black Mountain huko North Carolina, ambako mwanafunzi alisoma na kushika jembe pia. Baadaye akafika hapo John Cage, na mwaka 1952 akachanganya muziki, dansi, mashairi na picha katika onyesho moja. Mwaka huohuo alitoa kipande ambacho mpiga piano anakaa dakika 4 na sekunde 33 bila kubonyeza kitu. Mama watoto aliponisimulia nilimwambia kipande hicho nakifahamu vizuri, huwa nakipiga mwenye nyumba akigonga mlango.

Nikadhani angalau Afrika Mashariki tulisalimika. Wapi! Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa Makerere miaka ya 1930, na darasa lenyewe lilianzia kwenye veranda ya nyumba yake. Mumewe alikuwa daktari, mtu mwenye shughuli zake. Nimetafuta katika vitabu vya mama watoto mahali ambapo mzee yule aliulizwa kama veranda alikuwa na mpango nayo. Sijaona.

Kwenye karatasi za chuo taaluma ni nyingi. Nyumbani zote ni mimi. Mimi dereva, mimi mshika ngazi, mimi fundi umeme wa saa sita usiku, mimi ninayesomewa rasimu nikiwa bafuni. Fomu ya maombi ilikuwa na nafasi ya kutaja washirika wa mradi. Sikutajwa.

Mradi wenyewe ni kuhusu foleni ya maji. Madumu ya njano ya lita 20, yale yanayofika nyumbani na mafuta ya kula kisha yanabaki kuwa mali ya ukoo, yananing'inizwa juu ya fremu ya chuma. Kila dumu limevishwa kipande cha kanga kutoka Mtaa wa Uhuru, na ndani yake kuna spika ndogo inayotoa sauti za kina mama wakigombana bombani. Unasimama chini yake, unatukanwa kutoka juu. Nakiri kwamba ni kazi nzuri, ila sijamwambia, kwa sababu akijua ataongeza madumu.

Tulikwenda Gerezani kuichomelea hiyo fremu. Fundi, kijana aliyepandisha miwani ya kuchomelea kwenye paji la uso, aliupokea mchoro, akaugeuza, akaugeuza tena.

“Hiki kichanja cha simtenki?”

“Hapana. Kinabeba madumu matupu,” mama watoto akasema.

“Matupu?”

“Matupu.”

“Basi mama yangu, chuma chembamba kinatosha. Msitupe hela.”

“Nataka kionekane kimeelemewa.”

Fundi akanigeukia mimi, kama wafanyavyo mafundi wote wanapotafuta mwenye akili. “Mzee, samahani. Mnataka kilicho imara au mnataka kinachoyumba?”

“Kinachoyumba,” mama watoto akajibu kabla sijafungua mdomo, “lakini kisianguke.”

Akachukua chaki, akaandika bei kwenye bamba la chuma. Ilikuwa kubwa kuliko ya kichanja cha tenki lililojaa. Nilipolalamika akanijibu kwa upole kabisa kwamba kitu imara anachomelea yeyote, kuyumba bila kuanguka ni hesabu. Kisha akakaa juu ya kopo la rangi kutafuta namna. Mwisho akaukata mguu mmoja kwa chini, akaupachikia springi kuukuu ya gari, akaificha ndani ya kipande cha bomba, akasukuma kwa kidole kimoja. Fremu ikayumba, ikarudi. Akasukuma tena, safari hii kwa bega. Ikarudi.

Kwa maoni yangu, tasnifu iliandikwa siku ile, pale juu ya kopo la rangi. Jina la yule kijana limo kwenye ukurasa wa shukrani, chini kabisa, baada ya mhudumu wa maktaba. Toka Weimar hadi Gerezani, randa na miwani ya kuchomelea viko palepale.

Mama watoto amepewa wasimamizi watatu, kwa kuwa kazi yake ni mtambuka. Wa uchongaji anataka maneno yapungue. Wa sosholojia anataka yaongezeke, tena yawe na majedwali. Wa mambo ya kidijitali anauliza kwa nini madumu hayana vihisi. Hawajawahi kukaa meza moja. Kila mmoja amebaki ng'ambo yake ya mto, mwanafunzi ndiye anayetambuka, kwenda na kurudi, na mimi ndiye ninayepiga kasia kwa petroli ya bei ya sasa.

Halafu mmoja wao akaja na habari kwamba dumu limeshafanywa. Serge Attukwei Clottey wa Accra hukata madumu ya njano vipande vidogo, akaviunga kwa waya mpaka vikawa mapazia makubwa. Kule Ghana madumu hayo yanaitwa magaloni ya Kufuor, kwa jinsi maji yalivyokuwa ya shida enzi za rais huyo. Romuald Hazoumè wa Benin, yeye dumu la petroli hulikata likawa uso wa mtu, mdomo wa dumu ukawa mdomo na mshikio ukawa pua. Kazi yake iitwayo La Bouche du Roi ina nyuso 304 za namna hiyo, zimepangwa kwa umbo la meli ya watumwa, na mwaka 2007 ilinunuliwa na British Museum. Mama watoto alikesha akilia kwamba wazo lake limekufa. Mimi nilikesha nikipiga hesabu: wakichukua manne tu ya kwetu, tunachimba kisima.

Nilichojifunza katika haya yote ni kwamba chombo kikishaingia kwenye sanaa, maji ndiyo basi tena. Magdalene Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akajifunza ufinyanzi kwa kina mama wa Nigeria kule Abuja, akasoma uzamili Royal College of Art, London, na leo vyungu vyake vimo kwenye makumbusho makubwa ya dunia. Ni vyungu vizuri mno, vina shingo na tumbo kama mtu aliyesimama. Jaribu sasa kukichovya kimoja kwenye pipa uone mlinzi atakavyokufanya.

Zile sauti za bombani nazo zilihitaji kibali cha kamati ya maadili, na kamati ikataka fomu ya ridhaa kwa kila mwenye sauti. Sahihi, mtaani kwetu! Watu walishaweka sahihi kwenye mikopo ya kausha damu wakabebewa makochi, televisheni na jiko la gesi likiwa bado linachemsha maharage. Mama watoto akipita na karatasi zake milango inafungwa. Mmoja alikubali kutoa dole gumba, ila akataka mumewe asijue. Mama muuza maandazi, jirani yetu, alikataa karatasi katakata, lakini akaazimisha dumu lake bila neno, lenye herufi za jina lake kwa rangi nyekundu ya kucha. Yaani dumu analitoa, ila sahihi hatoi, na ukifikiri vizuri yuko sawa.

Bado kuna maandishi. Mwingereza Christopher Frayling, mwaka 1993, aliandika kwamba utafiti wa sanaa na ubunifu uko wa aina tatu: kuhusu sanaa, kwa ajili ya sanaa, na kupitia sanaa. Tangu hapo wanafunzi hawajapumzika, kila mmoja lazima aseme yuko kwenye fungu gani. Mama watoto yuko kwenye kupitia. Kwa uzoefu wa nyumba hii, ninayepitiwa ni mimi. Sura ya tatu peke yake nimeisikiliza mpaka watoto wanaitania mezani. Mdogo alimwambia mwalimu wake wa chekechea kwamba amechelewa kutokana na “mchakato”.

Wiki ya maonyesho, maji yakakatika mtaa mzima. Madumu yetu yote, na la jirani, yapo chuoni yanazungumzia uhaba wa maji, sisi tunayasubiri maji ya boza kwa masufuria na beseni la kuogeshea watoto. Nikampa mama watoto hoja hiyo. Akasema ni kinaya kizuri, akainakili kwenye daftari.

Siku ya ufunguzi ukumbi ulijaa. Mtahini wa nje alikuwapo, mama mmoja mtulivu mwenye kalamu. Fundi wa Gerezani alikuja na shati lililopigwa pasi. Mama muuza maandazi alivaa kitenge chake cha harusi, akasimama chini ya dumu lake, akaisikia sauti yake mwenyewe ikimtukana mtu, akacheka mpaka akashika ukuta. Na hapo simu yake ikalia. Mwanawe: maji yametoka, njoo haraka, wanasema saa tatu yanafungwa.

Hakumwomba mtu ruhusa. Alivuta kiti, akavua viatu, akapanda, akaanza kufungua fundo. Fremu ikaenda huku, ikaenda kule, watu wakarudi nyuma. “Tulieni,” fundi akasema kwa sauti ya mtu anayeijua kazi yake, “hiyo haianguki.” Haikuanguka. Mama akashuka na dumu lake, akalivua kanga, akamkabidhi mama watoto spika ikiwa bado inatukana, akatoka nalo kichwani mbele ya mgeni rasmi. Nilimtazama mtahini. Kalamu ilikuwa inakimbia.

Mama watoto amefaulu, na vizuri. Ila kuna marekebisho madogo. Mtahini amependa mno kile kitendo cha jirani kuchukua chake. Anataka kiandikiwe sura nzima, na kwa kuwa sasa kimekuwa sehemu ya utafiti, lazima kiambatanishwe na fomu ya ridhaa yenye sahihi ya mhusika.

Nimetumwa mimi, kama kawaida. Mama muuza maandazi alinikaribisha vizuri, akanipa chai na maandazi mawili, akaisoma fomu yote, hata yale maandishi madogo ya chini. Akasema atasaini. Kwanza lakini nimrudishie kifuniko cha dumu lake, kile cha bluu, kilichong'olewa ili waya wa spika upite. Fundi hanacho, chuo hakijakiona, mama watoto ana vifuniko vitatu na vyote ni vyekundu. Nimezunguka Kariakoo kutwa nzima. Kifuniko peke yake hakiuzwi, baba, wananiambia. Nunua dumu.