Kompyuta Zenye Afya Njema

Sisi wa Bukene, mkoani Tabora, hatupendi lawama. Kompyuta ya shule ya umma iliyofungiwa stoo, nailoni yake ya kiwandani bado mwilini, ndiyo yenye afya kuliko zote: haijui vumbi, haijui virusi, wala haijaguswa na mtoto. Wenye pupa wanahoji mbona Sera ya TEHAMA kwa elimu ya msingi ni ya 2007. Kitu kizuri huiva taratibu.

Intaneti nayo tuionee huruma. Mwaka 1857 mpelelezi Mwingereza Burton alitoka pwani Juni, na Novemba alikuwa Kazeh, Tabora ya leo, lakini yeye alikuwa na wapagazi. Mkongo wa baharini uliotua Dar es Salaam 2009 nani aubebe? Labda reli, maana tunayo: treni ya Mwanza inapita hapahapa.

Wakati tunasubiri, mwanafunzi anachora kibodi daftarini kwa rula, herufi moja moja, bila kumaliza umeme wa taifa. Akifika mtihani anazitaja sehemu zote za kompyuta kama anavyozitaja za panzi. Panzi, kwa bahati mbaya, ameshawahi kumshika.