Jinsi ya Kumfukizia Mgonjwa Bila Kumkimbiza Kitandani

Ndugu yenu amerudi kutoka hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, baada ya dripu ya kemo, na nyumba nzima imeazimia kumtuliza kichefuchefu kwa harufu nzuri. Nia ni njema. Fuateni hatua hizi ili mgonjwa naye aone wema huo.

1. Ihojini pua yake kwanza. Kemo hubadilisha ladha na harufu. Asumini aliyoipenda miaka yote inaweza kumtapisha leo. Pua ya mgonjwa ndiyo mwenyekiti wa kikao. Pua ya wifi haina kura.

2. Zimeni chetezo. Moshi wa udi na ubani hukereketa kifua kilichochoka. Na penye oksijeni, kaa la moto ni marufuku kabisa.

3. Tone moja la mafuta ya kunukia latosha. Lidondosheni kwenye pamba, liwe la mnanaa au tangawizi, kisha mpeni aishike mwenyewe. Akikunja uso, pamba itoke nje na dirisha lifunguliwe. Mwenye pamba mkononi huisogeza mbali akichoka. Aliyefukiziwa chumba kizima atakimbilia wapi?

4. Msimnyweshe, wala msimpake ovyo. Mafuta ya makonyo ya karafuu yanayotengenezwa Pemba ni makali: hubabua ngozi, na yakinywewa huweza kuumiza ini. Hata mafuta mapole kama ya lavenda huzimuliwa, tone moja kwa kijiko cha chai cha mafuta ya nazi. Ngozi inayopigwa mionzi haipakwi kitu mpaka wauguzi waruhusu.

5. Siku ya dripu, ficheni harufu anayoipenda kuliko zote. Ubongo hufunga ndoa kati ya harufu na kutapika, na talaka yake huchelewa. Msiuache mlangilangi wa harusi yake ugeuke harufu ya wodi.

6. Dawa ya hospitali itangulie. Ondansetroni, ya kuzuia kutapika, inywewe kwa saa iliyopangwa. Harufu ifuate nyuma. Kazi yake ni kupunguza wasiwasi, na pengine kichefuchefu kidogo. Anayewauzia kichupa akiapa kwamba kinayeyusha uvimbe, mwonyesheni mlango, hata kama ni jirani.

7. Kipimajoto kikae karibu kuliko vichupa vyote. Homa ikifika nyuzi 38, hakuna cha mnanaa wala cha tangawizi: ni hospitali, usiku huohuo.