Sumaku Haikushika

Saa saba za usiku mama watoto kalala, mimi nimejifunika blanketi gubigubi, simu inanimulika uso kama mwizi aliyekurupushwa. Msinifikirie vibaya. Natazama minada ya dramu kuukuu.

Nimepiga dramu miaka tisa katika bendi ya dansi Tanga, kisha maisha yakanitupa Chicago, mji uleule Ludwig, wale watengenezaji wa dramu, walikokuwa na kiwanda chao, pale North Damen Avenue. Basi nina haki ya kununa. Wanaouza ngoma hizi mtandaoni hawazijui, na kutojua si kosa, hata mimi sijui kuuza ng'ombe. Lakini hawa hawajui kwa herufi kubwa: ADIMU! YA 1962! SHABA TUPU!

Juzi mmoja kaweka ngoma ya Ludwig ya marehemu babu yake, anasema mzee alirudi nayo kutoka vitani mwaka 1945. Nikaikuza picha. Kibati cha jina kina rangi ya buluu na zaituni, na vibati hivyo vilianza kubandikwa karibu na mwisho wa miaka ya 1960. Tena mwaka 1945 mzee Ludwig hata jina lake hakuwa nalo. Alishaliuza, akawa anatengeneza ngoma kwa jina la WFL mpaka aliporudishiwa lake 1955, kwa kulinunua. Labda huyo babu alichelewa sana njiani.

Halafu kuna ukoo wa Ringo. Ringo Starr, mpiga dramu wa The Beatles, alipata dramu zake za Ludwig London mwaka 1963, na Februari 1964 bendi hiyo ilipoonekana kwenye televisheni ya Marekani, kila kijana akataka kama zile. Kiwanda kikafanya kazi usiku na mchana, kwa hiyo zipo tele. Mnadani lakini kila dramu ya zamani ni "kama ya Ringo", hata zile za bei chee kutoka Japani, ambazo viwanda vya huko vilizibandika jina lolote alilotaka mwenye duka.

Haya yote ningeyavumilia. Kinachonikosesha usingizi ni sumaku.

Kuna snea ya Ludwig, ile ngoma ndogo yenye nyaya chini, iitwayo Supraphonic. Za mwanzo zilikuwa za shaba ya manjano iliyopakwa kromu, kisha yapata 1963 wakahamia alumini. Za shaba ni chache na bei yake utauza shamba. Kwa macho zinafanana: zinang'aa, masikio kumi ya kukazia ngozi, mkanda mmoja katikati. Sasa muuzaji anabandua sumaku kwenye mlango wa friji, anaigusisha, inaanguka, anapiga picha na kuandika: "Sumaku haikushika, kwa hiyo ni shaba."

Ndugu yangu, sumaku haishiki alumini pia! Nenda jikoni ukajaribu. Kwa kipimo hicho sufuria la mama watoto, lile lililobonyea ubavu baada ya kupikia ubwabwa wa arusi tatu, nalo ni shaba ya 1962.

Dalili zenyewe hazijifichi. Kromu haikai vizuri juu ya alumini. Ikizeeka inatoka vipele kama mtoto mwenye tetekuwanga, kisha inabanduka. Tazama pia namba, kwani kiwanda kilianza kugonga namba kwenye vibati mwishoni mwa 1963, shaba ikiwa inaaga; yenye namba huenda ni alumini. Au nyanyua tu. Shaba ina uzito wa kama mara tatu ya alumini, mkono wenyewe utakwambia.

Nilimwandikia mmoja wao kwa adabu zote, salamu kwanza. Akanijibu nishughulike na yangu.

Nikashughulika. Mwaka jana nikaona Supraphonic "ya shaba", picha sita, zote za upande mmoja. Mimi mjuaji, mimi fundi, nikajiambia huyu anaonekana mkweli. Nikapandisha dau mpaka saa tisa usiku, nikashinda. Wiki iliyofuata mama watoto akaupokea mzigo mlangoni. Mkono mmoja ameshika simu anaongea na dada yake Muheza, mwingine umebeba boksi, linapepea kama kipepeo.

"Baba Salma," akasema, "mbona jepesi hivi? Wamekutumia boksi tupu?"

Hapo nikajua. Sikuhitaji hata kulifungua, ingawa nililifungua, nikaigeuza ngoma upande ambao haukupigwa picha. Tetekuwanga tupu.

Sasa naiuza. Ni ya alumini, ina namba, ina vipele ubavu wa kushoto, na picha nitatuma za pande zote. Sumaku haishiki.